Insha Isiyo na Mimi

Mwalimu alilikata neno "mimi" kwa mara ya saba, safari hii kwa nguvu mpaka wino mwekundu ukatokeza upande wa pili wa karatasi.

"Fundi, hii ni insha ya hoja au barua ya mapenzi?"

Fundi lifti akaisogelea karatasi. "Insha, mwalimu."

"Basi jitoe humo ndani. Msomaji hana haja na wewe. Anataka hoja."

Kila Jumamosi saa nne asubuhi fundi alipanda ghorofa nne kwa ngazi kwenda kusoma Kiingereza sebuleni kwa mwalimu huyu. Lifti ilikuwepo, lakini alimjua aliyeitengeneza. Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa inatafuta msimamizi wa mafundi, na mtihani wa nafasi hiyo ulikuwa na insha ya kushawishi ya maneno mia tatu, yote kwa Kiingereza. Kiingereza cha fundi kilikuwa cha vibao: sukuma, vuta, hatari, mwisho watu wanane. Kwa hicho humshawishi mtu, labda ashuke.

Mwalimu alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima hata akiwa na mwanafunzi mmoja. Siku ya kwanza alimwambia achague mada mwenyewe. Fundi, kapera wa miaka arobaini na tisa aliyekuwa ameshampenda kabla hajaonyeshwa pa kukaa, akaandika: Je, mjane aolewe tena?

Mwalimu akaipigia mada ile mstari. "Unatetea upande gani?"

"Aolewe."

"Kazi unayo. Mimi niko upande wa pili."

Rasimu ya kwanza ilisema mjane aolewe kwa sababu bado ni mzuri. Mwalimu akaandika pembeni: "Ushahidi uko wapi?" Fundi alitaka kusema umekaa hapo mbele na kalamu mkononi, akajing'ata ulimi.

Rasimu ya pili ilizungumzia upweke. Ilimtaja mtu anayepika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu anakula kiporo siku mbili mfululizo.

Kalamu nyekundu ikasimama hewani. "Mfano huu umeutoa wapi?"

"Nimefikiria tu, mwalimu."

"Uache hapo hapo," akasema, akainuka kwenda kufungua dirisha lililokuwa wazi.

Wakafika kwenye hoja za upinzani. "Wapinzani hawakimbiwi," mwalimu alimfundisha. "Wataje kwa heshima zote, kisha uwabomoe."

"Wanasemaje hao?"

"Wanasema watoto wataona aibu." Alijibu upesi, kama mtu aliyekwisha kuulizwa. "Na majirani watacheka. Mama mzima na mgongo wake mbovu, anatafuta nini?"

Fundi akainama, akaandika kwa dakika kumi na moja: Hata hivyo, watoto wamekwisha kuhama, na jirani anayecheka hajawahi kumkanda mtu mgongo. Mwalimu aliposoma alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kuonekana kwa macho. Wiki ya tano mwalimu alikuwa amesuka. Wiki ya sita sebule nzima ilinukia manukato. Wiki ya saba simu yake ikalia katikati ya somo. Akaitazama, akatabasamu, akailaza kifudifudi mezani.

"Watu wa matangazo," akasema.

Fundi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Sasa hata simu hapokei, akawaza, mradi mimi nipo.

"Si umwambie tu kwa mdomo," dada yake alimwambia, akimpigia pasi shati.

"Mdomo utaniharibia. Insha inakwenda vizuri."

"Jina lako limo?"

"Halitakiwi. Ndiyo kanuni yenyewe."

Dada yake akasonya, akaikandamiza pasi kwenye kola. "Makubwa."

Alhamisi fundi alimtumia mwalimu nakala safi kwa simu. Utangulizi wa kumshika msomaji, hoja tatu, wapinzani wamebomolewa kwa adabu, na "mimi" hata moja huioni, hata ukiitafuta kwa tochi. Jumamosi akavaa lile shati na kupanda ngazi polepole, asije akafika na jasho.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, insha aliyoichapa kwenye karatasi ikiwa mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Miaka thelathini nasahihisha insha hizi," akasema. "Nimesoma juu ya uvutaji sigara, sare za shule, simu darasani. Hakuna hata moja iliyowahi kunibadilisha mawazo. Hii imenishawishi."

"Kweli, mwalimu?"

"Kabisa. Nimekaa miaka sita najidanganya."

Moyo wa fundi ukagonga shati lililonyooshwa. Akajiweka sawa kola. Sentensi yake alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. "Basi, mwalimu, kama ni hivyo..."

"Nimeisoma mara tatu usiku ule ule," mwalimu akaendelea, uso umemng'aa. "Asubuhi nikampigia daktari wa meno wa mtaa wa pili. Ameniposa mara nne huyo, na mara nne nimemkatalia. Jana nimemwambia ndiyo."

Akamkabidhi karatasi. Juu yake, kwa wino mwekundu: kumi na tisa kwa ishirini.

"Mtihani utaupita, sina wasiwasi. Moja tu nimekukata, kwenye hitimisho."

"Kwa nini?" fundi akauliza.

"Umethibitisha kwamba aolewe, fundi. Hukusema na nani."