Bakuli Halirudi Tupu

Uvumi wenyewe Velichka aliusikia kwa jirani yake Stamena, wakiwa kwenye foleni ya mkate, na haukumtoka tena kichwani: ile kampuni kubwa ya maduka inayosaidia wafanyabiashara wadogo, ikikupa friji ya bure mwaka huu, mwakani inachukua na duka.

"Muulize yule wa jibini kule bondeni," Stamena alisema. "Leo anafagia sakafu iliyokuwa yake. Mimi sisemi kitu, shoga. Ila una mtoto mmoja."

Kweli alikuwa na mmoja. Binti huyo, Zornitsa, aliuza mtindi wa kondoo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, huko milima ya Rodopi. Wenzake wote walishakwenda Ujerumani kuogesha wazee wa watu. Yeye aliiandikia ile kampuni kuomba imsaidie, akasema: ikinipa nafasi, nabaki. Isiponipa, basi la Jumamosi ni langu.

Kampuni ikamjibu. Mtu wao angekuja Jumatano kuonja, na kuchukua kijiko kimoja cha chachu wakaipime.

"Kijiko cha nini?" Velichka aliuliza. "Mtindi si unaonjwa mdomoni?"

"Wanaangalia kama ni salama, mama."

"Hata mwizi huangalia mlango kwanza."

Zornitsa akacheka. Mama yake hakucheka. Chachu ile ilianza kwa bibi yake Velichka. Kila siku kijiko cha mtindi wa jana huzaa mtindi wa leo, na hivyo ndivyo ilivyofika miaka themanini. Mtu akienda Ujerumani hurudi, aliwaza. Chachu ikiibiwa hairudi.

Jumanne, Zornitsa alipokwenda kuchukua maziwa, Velichka alijaza mtindi kwenye bakuli la udongo, akalifunika kwa kitambaa, akalipeleka kwa Stamena. Mtindi uliobaki dukani aliumwaga wote.

"Nifichie. Siku tatu tu."

"Kwangu ni kama kaburini," Stamena alisema. "Na bakuli lako halitarudi tupu, unanijua."

Nani huko hurudisha chombo kitupu? Hata mlevi hutia yai moja.

Jumatano mtu wa kampuni alikuta rafu hazina kitu. Zornitsa, macho mekundu, alimwambia maneno aliyoambiwa na mama yake, kwamba mtindi wote umeharibika.

Yule bwana akavua kofia. "Pole, dada. Mji huu tumeupa nafasi moja tu. Hakuna mwingine mwenye mtindi wa chachu ya zamani?"

"Hakuna."

"Basi ngoja niulizeulize mtaani."

Nyuma ya pazia Velichka alifanya ishara ya msalaba, akashukuru.

Ijumaa alikwenda kudai bakuli. Stamena alifungua mlango nusu. "Gari la yule mtu wa kampuni bado nimeliona linazunguka. Acha kwanza, utaharibu kazi yote." Nyuma yake uani zilianikwa ndoo mbili mpya.

"Na hizo?"

"Nafua mapazia, shoga. Pasaka hiyo inakuja."

Jumamosi Zornitsa alipanda basi na sanduku moja. "Usilie, mama," alisema dirishani. "Kilichoharibika kimeharibika." Velichka alifungua mdomo amwambie. Dereva akawasha gari.

Alirudi nyumbani akijifariji: chachu si ipo. Mtoto akirudi, ataikuta.

Wewe mama unayesoma haya, epuka:

Kuamua jambo la mwanao akiwa amekwenda kuchukua maziwa.

Kumwogopa mgeni ambaye hujamuuliza hata swali moja.

Kufungua mdomo basi likishawashwa.

Kufunua peke yako bakuli lililorudishwa. La Velichka lilirudi baada ya mwezi, na kweli halikuwa tupu: ndani mlikuwa na kopo la mtindi lenye nembo ya ile kampuni, limeandikwa "Chachu ya Bibi", na kwenye kifuniko, amejifunga kitambaa kichwani, anatabasamu, ni Stamena.