Gurudumu la Kushoto

Gari lilipomvuta kushoto tena, Mzee Shekue aliamini mikono yake imeishiwa nguvu. Akaenda gereji kwa Tausi, fundi wake, akiwa ameshaamua kuliuza.

"Nimezeeka, binti yangu. Silimudu tena."

Tausi alisogeza kiganja karibu na magurudumu ya mbele. La kushoto lilikuwa la moto kama jiko. Akalipiga jeki, akajaribu kulizungusha, likagoma. Alipolifungua alikuta pini za breki zimeshika kutu, na pedi zimeing'ang'ania diski.

"Mikono yako haina kosa, baba. Breki ya upande huu ndiyo haiachii."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Breki ilipotengenezwa, aliliendesha gari hadi kwake, akapita bila kusimama, akashika njia ya milimani, vioo vyote vikiwa wazi.