Wazee wa Kijana

Stika ya bima kwenye kioo cha ile pikapu ilikuwa lebo ya chupa ya bia, imekatwa vizuri kwa mkasi. Trafiki waliitazama miezi minane na kuipungia mkono ipite. Iligundulika siku pikapu hiyo, ikiwa imesheheni mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, ilipoigonga kwa nyuma Corolla ya Mzee Mashimba pale Pasiansi na kulikunja buti mpaka kwenye kiti cha abiria.

Mashimba alilia. Mtu mzima, mbele ya wauza karanga, alilia. Kiwanda cha pamba kilipompunguza kazi, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari lililotumika kutoka Dubai, akalifanya teksi. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alitaka kuitwa mwenye gari. Sasa nyumba nzima ilikula kutokana na Corolla hiyo, na bima yake mwenyewe ilikuwa ile ndogo, inayomlipa mtu mwingine wewe ukitazama.

"Kamalizaneni kifamilia," trafiki alisema, bado anaisoma ile lebo. Kijana aliyeendesha pikapu akaapa kwamba wazee wake wa Buhongwa wangekuja Jumamosi kuzungumza.

Wiki hiyo nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Asubuhi gari, jioni gari. Jumatano mkewe, Paskazia, alimkuta amekaa ndani ya Corolla iliyobondeka, ameshika usukani, haendi popote.

"Baba Suzana, nina neno."

"Linahusu gari?"

"Halihusu."

"Basi lisubiri."

Paskazia alisita. "Ni kwamba wazee wa kijana wanakuja Jumamosi."

"Hilo nalijua. Waje tu, nawasubiri kwa hamu."

Paskazia akashusha pumzi kama aliyetua ndoo. "Sasa wakija, usiropoke kama uko gereji. Mambo ya namna hii hayatajwi kwa jina. Yanazungukwa."

Jumamosi saa kumi walifika wazee watatu, wamevaa makoti na jua lote lile. Msemaji wao, Mzee Luhende, alisema wametoka Kiseke. Mashimba hakushangaa. Mtu anayebandika lebo ya bia kiooni atakuelekezaje kwao sawasawa? Binti yake mkubwa, Suzana, wa miaka ishirini na minne, alileta chai, akapiga goti kusalimia, akarudi jikoni. Kuku naye alikuwa ameshachinjwa. Mashimba aliona ukarimu huo umepitiliza kwa watu wa mkosaji.

"Mzee mwenzetu," Luhende alianza, "kijana wetu aliingia kwako bila hodi. Ameharibu. Hatukatai."

Hatukatai. Katika mji ambao aliyekugonga hushuka akikutukana wewe, neno hilo lilimlainisha Mashimba moyo. Akakumbuka onyo la mkewe, akazunguka.

"Ile mali nimeitunza kwa jasho langu," alisema. "Hata jirani sikumruhusu kuigusa."

"Tunajua. Sifa zake zimefika mpaka Kiseke."

"Na kinachoniuma zaidi, kijana wenu hakuwa na kinga yoyote."

Mmoja wa wazee alikohoa. Luhende akatazama viatu vyake. "Vijana, mzee. Redio inawaambia kila siku, hawasikii."

Mashimba alitikisa kichwa kwa masikitiko. Yeye hakukosa hata mara moja kile kipindi cha usalama barabarani.

"Basi mimi naona njia mbili," alisema, na sasa alijiona wakili kamili. "Airudishe ilivyokuwa..."

"Ilivyokuwa haiwezekani," Luhende alisema. "Hapo tusidanganyane."

"Au aichukue moja kwa moja, iwe yake, na sisi mtufute machozi."

Wazee walitazamana. Yule aliyekohoa akaanza kutabasamu.

"Hilo ndilo tulilokuja kuliomba," Luhende alisema. "Tuliogopa utatufukuza."

Mashimba alishika mikono ya kiti. Watu wazima, na akili zao, wanaomba wauziwe kisichotembea. Tangu biashara iwe huria mji ulikuwa umepata wateja wa kila namna. Kwa vile wazee kama hao huhesabu mali kwa ng'ombe, akataja kumi na wanne, akijua watamcheka, maana wanane wangemtosha kupata gari jingine. Wazee walinong'onezana kidogo tu, wakakubali.

Furaha ilimjaa mpaka kooni. Alisimama, akawapa mikono wote watatu, kisha dhamiri yake, iliyokuwa imelala tangu saa kumi, ikamgusa bega. Hakutaka watu wema namna hii wafike Kiseke na kujuta.

"Msije mkasema niliwaficha, wazee wangu," alisema. "Imetembea sana kabla ya kijana wenu. Lakini kwa heshima yenu naongeza na tairi la akiba."

Luhende alicheka kidogo, kama anayecheka fumbo lililomzidi.

"Tairi la nini tena, mzee? Kijana wetu ni fundi cherehani, hata baiskeli hajui kuendesha." Akageukia mlango wa jikoni. "Mama, hebu mwambie Suzana aje akae. Mimba ya miezi mitano si ya kusimamia jiko."