Orodha ya Soseji

Delmar Kjelstad alitoka mbio na ndara za chumbani, akaikanyaga theluji mpaka kwenye sanduku la barua kando ya barabara. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo, na moyo wake ulikuwa umewekewa vyuma viwili vya kuzibua mishipa.

"Wee Delmar!" mkewe, Ardis, alimpigia kelele dirishani. "Daktari alisema utembee, hakusema ukimbie!"

"Nanyoosha miguu, mpenzi!"

Ndani ya sanduku mlikuwa na jarida la kanisa tu. Delmar akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kitanzi shingoni.

Mambo yalianza Jumapili, baada ya ibada, watu wakinywa kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Jirani yao Vern aliingia akipunga hundi. Duka la Torvik, ambako mji mzima hununua chakula, lilikuwa limeshtakiwa na wateja wake wote kwa pamoja, kwa sababu mizani yake ilipima nyama pamoja na kifungashio. Sasa lilikuwa limekubali kuwarudishia chao. Ukumbi mzima ulicheka. Bibi mmoja alicheza dansi ya polka na kiti.

"Na wala sijajaza fomu!" Vern alisema. "Wameniletea orodha ya kila pakiti, siku na saa. Kumbe mimi ni fisi!"

Delmar alipaliwa na kahawa. "Wamejuaje?"

"Si ile namba ya simu ya nyumbani, unayobonyeza kwa keshia upate punguzo?"

"Hao ni matapeli," Ardis alidakia. "Barua hiyo ikija kwetu, naitia kwenye jiko la kuni bila kuifungua."

Delmar alimpenda upya kwa neno hilo, ila hakumwamini. Huyu ni mwanamke aliyefungua zawadi zake za Krismasi mwezi Novemba.

Miaka miwili nyuma, siku aliyotoka hospitali, Delmar alikuwa ameapa kwamba hatagusa soseji tena. Akigusa, pikipiki yake ya theluji, ile ya rangi ya chungwa aliyoipenda kama mtoto, iuzwe. Ardis hakumwacha peke yake. Aliapa naye, akaiweka rehani piano ya marehemu mama yake. Tangu hapo nyumba ile ilinuka kabichi.

Delmar alivumilia siku tisa.

Basi kila Alhamisi, Ardis akiwa kwaya, Delmar alikwenda kwa Torvik, akanunua pakiti moja ya soseji za moshi, akazila gerejini akiwa amesimama, amefumba macho. Vipande vya mwisho alimpa mbwa wao, Gus, ili wote wawili wawe na hatia. Alilipa pesa taslimu asiache alama yoyote. Kisha, kila mara, akabonyeza namba ya simu ya nyumbani. Senti hamsini ni senti hamsini.

Na Ardis alikuwa mke mwema kupita kiasi. Kila Jumanne saa nne asubuhi alimpeleka mwenyewe kwenye mazoezi ya wagonjwa wa moyo, akamwacha mlangoni, akamrudia baada ya saa nzima. Hakukubali akose hata siku moja. Mwaka jana theluji ilipofika magotini na shule zikafungwa, alimburuta hivyo hivyo. Alipokuja kumchukua alikuwa ameshusha vioo vyote vya gari, Januari ile, anatafuna pipi ya mnanaa.

"Hewa safi ni dawa," alimwambia.

Gus tu ndiye aliyetaka kuwaumbua. Alikuwa ameviringika kama pipa. Daktari wa mifugo alipouliza ni nani anayempa mafuta, waliruka wote kwa pamoja: "Si mimi!"

Ijumaa gari la Rhonda, mpeleka barua, lilisimama. Delmar alichomoka. Nyuma yake mlango ukabamizwa. Ardis alikuwa anakuja, aproni kifuani, mikono imejaa unga, anakimbia. Katika miaka arobaini ya ndoa, Delmar hakuwahi kumwona anakimbia.

"Rhonda, nipe mimi!"

"Usimpe, Rhonda! Mimi ndiye baba mwenye nyumba!"

"Haya, amueni wenyewe," alisema Rhonda, akaitoa bahasha dirishani kwa ncha za vidole. Hakuondoa gari.

Delmar alishika upande mmoja, Ardis mwingine. Wakavutana. Ndara zikamsaliti Delmar, wakaanguka wote wawili kwenye theluji, na Gus akawarukia juu, akawaramba nyuso. Rhonda alicheka hadi akapiga honi kwa kiwiko.

"Del, usifungue! Nakuomba! Matapeli hao!"

Delmar alimtazama mkewe, unga puani, theluji nyweleni, na moyo wake wenye vyuma viwili ukashindwa.

"Uza pikipiki," alisema. "Ni mimi, Ardis. Nimekula soseji. Kila Alhamisi, ukiwa kwaya. Miaka miwili."

Ardis aliiachia bahasha.

"Alhamisi?" aliuliza polepole. "Alhamisi peke yake?"

"Pakiti moja tu. Naapa."

Ardis akafunika uso kwa aproni, mabega yakaanza kumtikisika. Delmar alidhani analia. Kwa vidole vilivyokufa ganzi aliichana bahasha, ili aone aibu yake yote, na akasoma kuanzia juu.

Jumanne, saa nne na robo asubuhi: soseji za moshi, pakiti mbili. Alhamisi: pakiti moja. Jumanne, saa nne na robo asubuhi: pakiti mbili. Alhamisi: pakiti moja. Jumanne: pakiti tatu.

Na Jumanne ile ya theluji ya magotini, pakiti tano.