Simu ya Kumsikia Mama

Siku hizi dukani hakuna kulinganisha kamera wala betri. Ukutani pameandikwa "Mchagua jembe si mkulima." Unataja haja yako kwa sentensi moja, unapewa kifaa cha haja hiyo tu, na huruhusiwi kubadilisha mpaka mwakani.

Mbodze hakujisumbua. "Nataka simu ya kumsikia mama," alisema, akaondoka nayo moyo mweupe.

Jioni mama alipiga kutoka Kaloleni. Sauti ilikuja safi, kama yuko pale sebuleni.

"Mbodze, mwanangu, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Mbodze?"

Mbodze alipaza sauti. Akaigeuza simu huku na huku, akitafuta kitundu cha kusemea. Hakikuwepo.

"Haya, mwanangu," mama akasema polepole. "Kama nimekukosea, niambie."