Ari ya Tumsifu

Siwema alishindwa uchaguzi wa kiranja mkuu kwa kura mbili. Tangu hapo, kama sheria ilivyotaka, ari ya mshindi, Tumsifu, ilipandikizwa kila asubuhi vichwani mwa wanafunzi wote kupitia kidude kilichobanwa nyuma ya sikio.

Nyumbani, Siwema alidamka bila kuamshwa, akafanya hesabu alizokuwa akizichukia.

"Mwanangu, umebadilika! Huyo Tumsifu Mungu ambariki," mama yake alisema akimmiminia chai.

Siwema aliuma meno. Sifa zake zote zilikwenda kwa mwenzake.

Jumatatu, Tumsifu alisimama mstarini akitabasamu. "Kuanzia kesho tuna lengo jipya. Hatutaoneana wivu tena."

Wote walishangilia. Siwema naye alipiga makofi, huku akiung'ang'ania wivu wake kifuani, maana ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa chake.