Miwani Isiyoshika Ukungu

Fundi saa alitema mate ndani ya miwani ya kuzamia ya mkewe, akayasugua kwenye kioo kwa kidole gumba, akaisuuza kwa maji ya chupa na kumkabidhi.

"Haya, vaa."

"Mume wangu! Leo nimekuwa mtoto wa kutemewa mate?" Mshonaji alicheka.

"Bila hivyo kioo kitashika ukungu, hutaona hata samaki mmoja."

Walikuwa wameketi kwenye mchanga wa kijani. Si kijani cha kusingizia; kijani hasa, kama chupa iliyosagwa. Kwa miaka kumi na miwili mshonaji alikuwa akiutazama mchanga huu kwenye kalenda iliyopigiliwa msumari juu ya cherehani yake. Kalenda ililetwa na marehemu mumewe wa kwanza. Mshonaji alisema picha imetiwa rangi, marehemu akakataa, wakabishana mpaka chai ikapoa. "Nitakupeleka ukaukanyage mwenyewe," marehemu aliahidi, na ahadi ikabaki ukutani.

Aliyekuja kuitimiza ni huyu, rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana.

Miaka tisa iliyopita marafiki hao wawili walikwenda kupunga upepo kwenye bwawa nje ya mji. Marehemu aliteleza, akazama hatua kumi na tano tu kutoka ukingoni. Watu walipofika walimkuta fundi saa akikimbia huku na huko, nguo kavu, sauti imemkauka. "Laiti ningejua kuogelea!" Aliyarudia maneno hayo msibani mpaka wafiwa wakawa wanambembeleza yeye. "Kumbe mwanangu alikuwa na ndugu," mama wa marehemu alisema. Mshonaji naye alimwonea huruma. Mtu asiyejua kuogelea utamlaumu kwa lipi?

Kisha fundi akaanza kupita nyumbani. Leo saa ya ukutani, kesho kitasa, keshokutwa bati linalovuja. Mwaka wa pili akaleta posa.

Na maji aliyaogopa kwelikweli. Mvua ikituama uani, alizunguka kwa nyuma ya nyumba. Mwaka jana, mkewe alipoanza kujifunza kuogelea kila Jumamosi kwenye bwawa la shule, yeye alikaa kwenye benchi la mbali, viatu vimefungwa kamba, amepakata mkoba wake. Majirani walimtania kwamba hata kuoga lazima ashikwe mkono. "Mimi na maji hatuna undugu," alijibu, nao wakacheka pamoja. Mkewe alimpenda kwa hilo pia, kwamba mtu mwenye woga wa namna ile alikuwa tayari kumsindikiza.

Mwongozaji, mwanamke mwenye filimbi shingoni, aliwaita wageni wakusanyike.

"Kabla hatujaingia, nawapa siri ya wazamiaji. Msinicheke. Kila mmoja ateme mate ndani ya miwani yake, asugue, asuuze."

Wageni wakaguna kwa kinyaa. Mzee mmoja akauliza kama huo ni mzaha.

"Siyo mzaha, baba. Mwenye kushinda majini anaijua hii kama anavyojua kufumba macho. Mtu wa nchi kavu ataijulia wapi?"

Mshonaji akamgeukia mumewe, aliyekuwa akipangusa mchanga kwenye kiatu.

"Wewe nani alikuambia?"

"Nini?"

"Hiyo ya mate."

Mkono ukasimama juu ya kiatu. "Nilisikia tu, mke wangu. Watu si wanasema mengi."

Kitu kilimchoma mshonaji moyoni, akakimeza. Akavaa miwani, akashika mrija wa kupumulia.

"Nisubiri hapahapa," alisema.

"Niende wapi tena, na bahari ndiyo hiyo?"

Chini ya maji mchanga ulikuwa wa kijani zaidi, na samaki wa manjano walipita juu yake bila haraka. Wageni wengine waliinua vichwa kila mara kufuta vioo vyao, kwa kuwa waliona haya kutema mate. Kioo chake yeye hakikushika ukungu hata kidogo. Aliona kila punje. Hapo akalia, ndani ya miwani, akimlilia marehemu kwa uchungu uleule wa siku ya kwanza, na mwingine ambao hakuwahi kuujua.

Mwongozaji akapiga filimbi, wageni wakamfuata kuzunguka mwamba. Mshonaji akabaki nyuma, hatua hamsini kutoka ufukweni.

Akainua mkono.

"Mguu! Mguu umekaza!"

Akazama. Akaibuka, akameza maji, akaita jina la mumewe, akazama tena.

Ufukweni fundi saa alikuwa amesimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Wageni wote walikuwa nyuma ya mwamba. Akavua viatu bila kufungua kamba, akajitupa baharini.

Hakupapatika. Alikata maji kwa mikono mirefu, uso chini, akigeuza kichwa kuvuta pumzi kila mkono wa tatu, kama mwalimu wa Jumamosi alivyokuwa akiwasihi wanafunzi wake. Kufumba na kufumbua alikuwa amefika. Akampitishia mkono chini ya kidevu, akamlaza chali.

"Nimekushika, mke wangu. Usiogope. Nimekushika."

Mshonaji alijitoa mikononi mwake, akasimama. Maji yalimfika kifuani.

Akavua miwani.

"Marehemu," alisema, "alikuwa karibu zaidi."